Mstari wa Chaza

Likoni, 11 Februari 1996

Kwa Mbodze, mpwa wangu,

Nakutumia salamu nzito zinazotosha kuwa blanketi, maana nasikia huko Liverpool hata jua lenyewe huvaa koti. Sisi hapa tu wazima. Goti la mkaza mjomba wako Mirriam limepoa, amerudi kwaya, na nyumba nzima sasa inaimba sauti ya pili peke yake kwa sababu ndiyo anayoifanyia mazoezi. Mamako alikuja juzi kutoka Kaloleni na mihogo ya kutosha watu wa msiba. Alisema nikuulize kama unakula. Nikamwambia mtu anayesomea bahari hawezi kukosa samaki.

Sasa kaa vizuri, kwa sababu huku kuna vita na mjomba wako ndiye jemadari.

Kuna mwalimu wa jiografia aitwaye Bramwel Oloo, mtu wa bara, amepanga nyumba njia moja na sisi. Kila asubuhi tunavuka Feri pamoja, yeye akienda shuleni kwake, mimi nikienda kazini Mji wa Kale. Mwezi wa Desemba alifungua gazeti katikati ya kivuko akasoma kwa sauti kwamba wataalamu wa dunia nzima wamekutana, wamepima ushahidi, na wameuona mkono wa binadamu katika joto la dunia. Moshi wetu ndio sababu, anasema, na joto hilo litapandisha bahari. Nikamuuliza bahari ipi, maana hii ya hapa nafanya nayo kazi. Watu wakacheka, na vita vikaanza hapo.

Kazi yangu unaijua, lakini niache nijisifu kidogo. Tangu mwaka wa 1961 nasoma ubao wa maji kwenye ngazi za gati letu dogo la Bandari ya Kale, maji yakijaa na maji yakipwa, naandika futi na inchi daftarini ili manahodha wajue kina. Siku nilizokosa zinahesabika kwa vidole, na nyingi ni za kuzika. Nina madaftari kumi na mawili. Wastani wa mwaka wa kwanza na wastani wa mwaka jana haupishani hata nusu inchi! Basi kila asubuhi nabeba daftari moja kwapani. Oloo akisoma gazeti, mimi nasoma daftari. Abiria wamegawanyika, wanaomuunga mkono husimama kushoto, wanaoniunga mimi kulia, na wafanyakazi wa kivuko wanalalamika kwamba tutakiinamisha chombo.

Jumatatu nilimwambia, "Mwalimu, kama moshi hupandisha bahari, basi Kibarani peke yake ingekuwa imeshatuzamisha." Lile jaa la taka linawaka mchana kutwa na barabara ya Makupa, kando yake majini, iko palepale. Tena viwanda ni vya nani? Waliochoma makaa ya mawe miaka mia mbili ndio wanaokuja kutuhesabia moshi wa kukaanga mihogo. Hoja hiyo ilipigiwa makofi hata upande wa kushoto.

Wewe ndiye msomi wa bahari katika ukoo huu. Niandikie hoja za hao wataalamu wako, nizivunje moja moja.

Mjomba wako asiyezama,
Fondo Mung'aro


Liverpool, 3 Machi 1996

Shikamoo Mjomba,

Barua yako niliisomea kwenye basi nikacheka peke yangu, mzee mmoja akahama kiti. Mimi mzima. Mwambie Mama nakula, ila asiulize nakula nini. Mpe pole mkaza mjomba kwa goti, na umwambie sauti ya pili ndiyo inayobeba wimbo. Hapa kuna msichana tunayeishi naye, anaitwa Kate, ameomba nimfundishe kupika mihogo ya nazi. Mihogo tuliipata. Nazi ilikuwa imekauka tangu enzi za babu yake, lakini tulikula.

Haya, twende vitani. Umeniita, nimekuja, ila nimekuja upande wa Mwalimu Oloo.

Usidhani ubishi uko Feri tu. Hata huku wanabishana kila wiki magazetini. Mmoja anaandika kwamba dunia inapata joto kwa sababu ya jua, mwingine anamjibu, wa tatu anawaita wote waongo. Profesa wangu amenifundisha kulitazama jambo hili kama kesi. Shahidi mmoja anaweza kukosea. Lakini wakija mashahidi kumi wasiojuana, kila mmoja kutoka kijiji chake, wakasema jambo moja, hakimu huanza kukaa wima. Hewa ya zamani iliyonaswa ndani ya barafu ni shahidi, na inaonyesha kwamba gesi ya moshi haikuwa nyingi hivi kabla ya viwanda. Barafu ya milimani inayoyeyuka ni shahidi. Vipimo vya joto vya meli ni shahidi. Na bahari yenyewe, Mjomba, ni shahidi.

Kuhusu walioanza kuchoma makaa, hapo sina ugomvi nawe. Umesema kweli, na hata wataalamu wanasema hivyo hivyo. Lakini nani aliwasha moto ni swali moja, na kama nyumba inaungua ni swali jingine.

Sasa nina ombi. Vipimo vya maji vya miaka mingi katika pwani yetu ni vichache mno. Miaka thelathini na mitano, mtu mmoja, ngazi moja! Wewe hujui una nini kwapani. Nipigie fotokopi za wastani wa kila mwezi unitumie. Nataka uwe msingi wa utafiti wangu. Hata kama vinamsaidia jemadari wa upande wa kulia.

Mpwa wako,
Mbodze


Likoni, 14 Aprili 1996

Mpendwa Mbodze,

Pasaka imepita salama, Mungu ashukuriwe. Kwaya ya Mirriam iliimba mpaka mchungaji akasahau mahubiri yake ukurasa wa pili. Mamako alikuja, akala, akalala, akaondoka na sufuria yangu. Mvua za masika zimeanza kunyemelea na paa la jikoni limeanza kuzijibu kwa matone.

Fotokopi hizi hapa, kurasa sitini na nne. Nimezipeleka posta kwa rejista, karani akaniuliza kama ni hati ya shamba. Nikamwambia ni hati ya bahari.

Na sasa habari yenyewe. Nimekaa nayo siku nne, natamani kuipigia kelele kutoka juu ya mnara. Kuna chama cha watu wenye mali hapa kisiwani wanaotaka kujenga nyumba na mahoteli karibu na maji. Wateja wao wameanza kuogopa haya magazeti ya akina Oloo. Mmoja wao alikuwa kwenye kivuko akanisikia. Wiki iliyopita walinialika ofisini, wakanipa kiti chenye mikono, wakafungua madaftari yangu moja baada ya jingine kama msahafu. Wanataka kuyachapa kitabu, Mbodze! Jina langu juu ya jalada. Tarehe 31 Agosti kutakuwa na mkutano wa hadhara katika ukumbi wa hoteli, waandishi wa habari wataitwa, na mimi nitasimama kusoma. Mwezi wa Septemba nastaafu. Nani alidhani mtoto wa Mung'aro, aliyeingia bandarini kubeba kamba, atatoka na kitabu?

Nimemwalika Oloo pia. Asiyekubali kushindwa si mshindani, nataka tuone kama yeye ni mshindani.

Nijibu upesi uniambie profesa wako amesemaje. Nadhani amekaa wima.

Mjomba wako mtunzi,
Fondo


Likoni, 30 Juni 1996

Mbodze mwanangu,

Salamu. Hii ni barua yangu ya pili tangu zile fotokopi. Ile ya Mei sijui kama ulipata. Mamako amekuja mara mbili kuniuliza kama una homa, na mimi sina la kumjibu ila kwamba posta ni posta. Kama u mgonjwa sema. Kama umepata mchumba pia sema, tutagomba kidogo kisha tutazoea.

Kitabu kinakwenda vizuri. Wamenipiga picha nikiwa nimesimama kando ya ubao. Nilivaa ile suti ya harusi ya mamako.

Fondo


Liverpool, 9 Julai 1996

Shikamoo Mjomba,

Nisamehe. Sina homa wala mchumba. Fotokopi zilifika tarehe 2 Mei, na barua ya Mei nayo ilifika. Kimya ni changu, posta haina kosa. Msalimie Mama, mwambie nimenunua viatu vya mvua kama alivyotaka. Msalimie mkaza mjomba. Kate amejifunza kusema "shikamoo", sasa anamwamkia kila mtu, hata mtoto wa jirani.

Umesema ulipigwa picha ukiwa na suti. Nitumie moja, niiweke mezani.

Nimeingiza namba zako zote kwenye kompyuta. Kazi yako ni safi kuliko nilivyotarajia, na nilitarajia mengi. Nina swali moja dogo tu. Mwaka wa 1970, tena 1979, tena 1988, kulitokea nini kwenye ubao? Kama ulibadilishwa, mlijuaje mahali pa kuuweka ule mpya?

Ni swali tu.

Mpwa wako,
Mbodze


Likoni, 28 Julai 1996

Kwa Mbodze,

Hapa kuna baridi ya Julai, mpaka wavuvi wa ufuo wa Shelly wanavaa sweta. Mirriam ameshona sare mpya ya kwaya, rangi ya zambarau, mimi naona ni nyingi mno lakini sikuulizwa. Mbuzi wa jirani alikula kamba yangu ya kuanikia nguo. Mamako mzima. Maembe bado.

Swali lako nimelisoma. Mtu akimaliza barua kwa kusema ni swali tu, huwa si swali tu. Ulikaa miezi miwili ukilitafuta.

Basi nikujibu, nawe uwaambie hao unaowaambia. Mbao huliwa na wadudu wa maji. Kila baada ya miaka tisa hivi ubao huwa umeoza, na mimi na Chonga, fundi seremala wa gati, tunatengeneza mwingine. Hatukisii. Sisi si watoto. Ukuta wa ngazi una chaza, wale wa makombe walioganda kwenye jiwe, tangu zamani, na chaza wale huishia mahali pamoja, mstari ulionyooka kama umepigwa kwa rula, kwa sababu hawaishi juu ya pale maji yanapowafikia. Alama ya futi tisa hukaa sawa na mstari wa chaza. Ndivyo tulivyofanya mara zote tatu, kwa uzi na pimamaji, Chonga juu ya ngazi, mimi kwenye mtumbwi. Pale gatini hakuna kitu thabiti kama chaza. Hata wakubwa wa ofisi wamebadilika mara saba.

Natumaini umeridhika. Mkutano ni tarehe 31 mwezi ujao, na jalada limeshachapwa.

Fondo Mung'aro


Liverpool, 8 Agosti 1996

Shikamoo Mjomba wangu mpenzi,

Wazima wote? Mimi mzima, ila barua yako niliisoma nimesimama, na nilipofika kwenye neno chaza nilipiga yowe maktaba nzima ikageuka. Naandika hapohapo, kabla mkono haujaogopa.

Mjomba, chaza hawakai mahali pamoja. Umelisema mwenyewe, hawaishi juu ya pale maji yanapowafikia. Basi maji yakipanda kidogo, chaza wapya wanashika juu kidogo, na mstari wao unapanda bila mtu kuuona. Nanyi kila baada ya miaka tisa mkaja na ubao mpya, mkaupandisha mpaka kwenye mstari, kwa uzi na pimamaji, kwa uaminifu wote. Mlikuwa mnaipima bahari kwa kutumia bahari yenyewe. Ndiyo maana wastani haukusogea. Ubao ulisogea badala yake.

Katika namba zako inaonekana wazi. Kuanzia 1961 maji yanapanda polepole, robo tatu ya inchi hivi, halafu 1970 yanashuka ghafla. Yanapanda tena, 1979 yanashuka. Yanapanda, 1988 yanashuka. Bahari haiwezi kushuka siku ileile anayokuja fundi seremala.

Sasa niungame langu. Mishuko hiyo mitatu niliiona tangu Mei. Nilimwonyesha profesa kabla yako, na hilo lilikuwa kosa, nisamehe. Alisema namba hizi zina kasoro, zitupwe. Nilimwambia siwezi kuzitupa, mtu huyu namfahamu, kama kuna kasoro basi itakuwa na utaratibu wake. Halafu nikashindwa kukuandikia. Kila nikianza naiona suti.

Na nisikudanganye kwa upande wangu pia. Ukuta mmoja hautoshi kusema nani aliyepasha dunia joto. Huenda hata ukuta wenyewe umedidimia kidogo, lazima tupime. Wewe ni shahidi mmoja kati ya kumi. Lakini Oloo ana gazeti tu. Wewe una miaka thelathini na mitano, na watu wanajua hujawahi kusema uongo. Ukisimama tarehe 31 ukasema bahari haijasogea, watakuamini. Watajenga mahali ulipowaambia ni salama. Hilo ndilo linalonitisha.

Je, pale gatini kuna alama yoyote iliyowekwa kwenye jiwe, isiyoishi wala kuoza? Tafadhali tafuta.

Nakupenda, na nalia kidogo, na nimefurahi kupita kiasi, yote kwa pamoja.

Mbodze


Likoni, 22 Agosti 1996

Kwa Mbodze,

Barua nimeipata. Sisi wazima.

Nilikulea miaka sita baada ya babako kufariki, nikakupeleka shule nikikushika mkono. Sikujua nakusomesha uje univue nguo mbele ya wageni. Kwanza profesa, halafu mimi. Kitabu kiko kwa mpiga chapa. Sina la kuongeza.

F. Mung'aro

(Nyuma ya karatasi, kwa mwandiko mwingine:)

Mbodze, mjomba wako ameniachia barua hii niipeleke posta, hajui nimeandika huku. Ana siku tatu hali vizuri. Usimjibu kwa ukali, na wala usinyamaze. Leo asubuhi Chonga alikuja kumchukua, wakanong'onezana mlangoni. Nimeona ameondoka na patasi na nyundo. Daftari ameliacha kitandani, jambo ambalo sijaliona tangu nimeolewa. Wako, Mirriam.


Likoni, 8 Septemba 1996

Mbodze, mwanangu, mpwa wangu,

Salamu, salamu, na tena salamu. Mirriam mzima, mamako mzima, mimi ni mzima kuliko nilivyokuwa miezi mingi. Telegramu yako ya maneno matatu ilifika. "Nipo upande wako." Sikujua upande wangu ni upi siku hiyo, lakini niliitia mfukoni.

Maneno niliyokuandikia mwezi jana yalikuwa ya mtu aliyekwisha kujua. Naomba radhi. Barua yako ya chaza niliisoma mara moja tu na sikuhitaji kuirudia. Niliposhuka ngazi kesho yake nikatazama ule mstari, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliuona ni viumbe hai, wanaosogea.

Ukaniuliza habari ya alama kwenye jiwe. Nilikuwa nayo, nami nilikuwa nimeisahau. Daftari la kwanza kabisa, nyuma ya jalada, mkubwa wangu wa 1961 aliandika: alama ya futi kumi na tano iwe futi moja kamili chini ya msumari wa shaba. Ni msumari wa wapima ardhi wa zamani, uliopigwa kwenye jiwe la ngazi ya juu. Mwaka wa 1969 walipokarabati gati walimwaga saruji juu yake, na mwaka uliofuata ubao ulipooza tukatafuta alama nyingine. Hapo ndipo chaza walipopata kazi.

Basi mimi na Chonga tulichimba. Watu wa forodha wakasimama kututazama, wakidhani tumepata hazina ya Mreno. Msumari ukatokea, unang'aa kama umepigwa jana! Tukanyoosha uzi, tukaweka pimamaji, Chonga akapima, nikapima, akapima tena. Badala ya futi moja ilikuwa inchi tisa na robo tatu. Ubao umepanda inchi mbili na robo. Niliketi pale ngazini. Chonga akafuta saruji mikononi akasema, "Ilipanda nasi tukapanda nayo, Fondo. Hatukuibishia." Tukacheka sana, wazee wawili, mpaka nikagundua kwamba mimi silii kwa kucheka.

Nilikuwa na siku tisa za kunyamaza. Mbodze, usidhani mjomba wako ni malaika. Nilizitumia nane.

Jumamosi tarehe 31 nilivaa suti. Ukumbi ulijaa. Vitabu mia mbili mezani, jina langu kwa herufi za dhahabu, nikakigusa kimoja, karatasi laini ajabu. Oloo alikaa safu ya tatu, ameshika daftari la kuandikia. Mwenyekiti akanisifu mpaka nikaanza kumwonea huruma. Niliposimama nilikuwa nimepanga kuanza polepole, lakini maneno yalinitoka yote kwa mkupuo. Nikasema, "Kitabu hiki kina kosa, na kosa ni langu." Nikawaeleza ubao, chaza, saruji, msumari. Nikanyoosha vidole kuwaonyesha inchi mbili na robo. Mwenyekiti akainuka akasema mzee amechoka, na chai ikaletwa nusu saa kabla ya wakati wake. Mwandishi mmoja wa gazeti aliniuliza kama nimehongwa na wazungu. Nikamwambia wazungu hawajui hata ngazi yetu iko wapi. Vitabu vilirudishwa maboksini. Kimoja nimekificha ndani ya koti, hicho ni chako.

Oloo alinifuata nje. Nilijikaza, nikijua sasa atacheka, na ningekuwa yeye ningecheka mpaka Jomvu. Alinipa mkono tu akasema angependa kuuona msumari. Tulikwenda siku hiyohiyo. Alipiga magoti na suruali yake nzuri akaugusa, kisha akaniuliza maswali ya saa nzima, mengine magumu. Akanikumbusha lile lako, kwamba lazima tujue kama ukuta umedidimia. Tumekubaliana kupima kila mwezi, yeye na wanafunzi wake, mimi na Chonga. Kuhusu wenye viwanda bado tunagombana. Na nimemwambia hata kama bahari inapanda, sijakubali bado kwamba ni moshi, nitakubali nikiona mashahidi wengine tisa. Amenipa rundo la magazeti. Nasoma.

Lakini sijakueleza Jumatatu, na Jumatatu ndiyo iliyoniandikisha barua hii.

Habari zilikuwa zimevuka kabla yangu. Kivukoni watu walinitazama wakinong'onezana. Wale wa upande wangu wa kulia walisimama palepale wakinisubiri, na wengine walikuwa na hasira, nao walikuwa na haki. Mmoja aliniita mzee kigeugeu. Sikujua nisimame wapi. Nikabaki katikati, penye magari, kando ya mkokoteni wa vitunguu uliokuwa ukipelekwa Marikiti. Mwenye mkokoteni ni kijana mpana kutoka Mtongwe, simjui jina. Alikuwa hajasikia habari za mkutano, alijua tu kwamba mimi ndiye mzee wa maji. Akaniuliza taratibu, kama mtu anavyouliza saa, "Sasa mzee, ati watu wasema maji yaja?"

Kivuko kizima kikageuka kusikiliza. Nikapapasa kwapani kutafuta daftari, kwa mazoea, na halikuwepo. Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu. Yaja."

Mwalimu Oloo amelisema neno hilo tangu Desemba, na kila siku alipolisema kuna aliyecheka. Siku hiyo hakucheka mtu.

Mjomba wako,
Fondo